Uhuru Bila Ardhi: Miezi ya Mwisho ya Vita vya Utumwa Marekani

Katika madarasa ya elimu ya siasa lipo swali moja ambalo mkufunzi akiliuliza hupata jibu la haraka: Ni nani aliyewakomboa watumwa wa Marekani? Jibu huwa ni Abraham Lincoln. Mkufunzi akiendelea na kuuliza, walipokombolewa walipewa nini, darasa hunyamaza. Ukimya huo si kosa la wanachama. Historia waliyofundishwa iliandikwa na watu wanaopenda ionekane kwamba uhuru ni zawadi ambayo mkubwa mmoja mwenye huruma humpa mnyonge, naye mnyonge hupokea kwa mikono miwili, hushukuru, na kwenda zake. Kwa hiyo makala haya yanaichukua miezi ya mwisho ya vita vile, kuanzia Desemba 1864 mpaka vita vilipokwisha, na mwaka uliofuata, ili tuone ni tabaka gani lilishindwa, ni nani walilishinda, na ardhi iliishia mikononi mwa nani.

Vita vyenyewe vilianza Aprili 1861. Wakati huo katika majimbo ya Kusini walikuwako watumwa karibu milioni 4, na jasho lao ndilo lililotoa sehemu kubwa ya pamba iliyouzwa duniani. Wenye mashamba makubwa walijitenga na kuunda Shirikisho lao, na hawakuficha sababu. Makamu wa Rais wao, Alexander Stephens, alitamka hadharani mwezi Machi 1861 kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Leo wapo wanaodai kwamba vita vile vilikuwa vya haki za majimbo. Hao inafaa wamsome Stephens.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba ubepari wa Kaskazini ulikuwa rafiki wa mtumwa. Viwanda vya Massachusetts vilisokota pamba hiyo hiyo. Wazee wetu wa pwani waliijua pamba ile bila kujua ilikotoka: ndiyo iliyofumwa kitambaa kizito kisichopaushwa kilicholetwa Unguja na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, nao wakakiita merikani. Misafara iliibeba merikani mpaka bara, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Jasho la mtumwa wa Georgia lilitumika kumnunua mtumwa mwingine upande wa pili wa bahari! Vita vilipoanza pamba ilikatika, merikani ikaadimika Unguja na bei yake ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Unyonyaji ulikwisha kuwa mfumo mmoja wa dunia tangu wakati huo.

Serikali ya Lincoln iliingia vitani ili kuurudisha Muungano, na kwa mwaka mzima na zaidi ilisita kuugusa utumwa. Walioilazimisha ni watumwa wenyewe. Kila jeshi la Kaskazini lilipokaribia, waliacha majembe wakatoroka, kwanza wachache, kisha familia nzima nzima. Mwanahistoria W.E.B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1935, aliueleza utoro huo kuwa ni mgomo mkuu wa wafanyakazi, na maelezo yake ni sahihi. Uchumi wa Kusini ulisimama juu ya nguvukazi ya mtumwa, na nguvukazi hiyo ilipojiondoa, uchumi ulianza kuporomoka. Tena waliotoroka hawakukaa bure. Waafrika wapatao 180,000 waliingia jeshi la nchi kavu la Kaskazini, na wengine wapatao 19,000 wakaingia jeshi la majini. Kwa muda mrefu askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, akakatwa dola 3 za nguo, huku mweupe akipata dola 13. Baadhi ya vikosi vilikataa kupokea mshahara huo wa dharau mpaka Bunge liliposawazisha mwezi Juni 1864. Hao ndio watu ambao vitabu vinasema walikombolewa wakiwa wamekaa.

Sasa tuje kwenye miezi yenyewe. Jenerali William Sherman aliondoka Atlanta katikati ya Novemba 1864 na askari wapatao 60,000, akakata Georgia mpaka baharini, akichoma maghala na kung'oa reli. Tarehe 21 Desemba aliingia Savannah. Wakati huo Jenerali Robert Lee wa Kusini alikuwa amebanwa katika mahandaki ya Petersburg, Virginia, ambako Jenerali Ulysses Grant alikuwa anamzingira tangu Juni.

Nyuma ya Sherman walifuata maelfu ya watumwa waliojikomboa, wake kwa waume, wazee na watoto. Sherman hakuwataka. Alikuwa mpinzani wa kuwapa Waafrika silaha, na aliona msururu ule ni mzigo wa kulisha. Tarehe 9 Desemba 1864, kwenye mto mdogo uitwao Ebenezer Creek, mmoja wa majenerali wake alivusha askari wake kwa daraja la maboya, kisha akaamuru daraja liondolewe kabla wakimbizi hawajavuka. Wapanda farasi wa Kusini walikuwa wanakuja nyuma. Watu walijitupa majini, na wengi walikufa. Jina la jenerali yule lilikuwa Jefferson C. Davis, sawasawa na jina la Rais wa Shirikisho la Kusini, ingawa hawakuwa ndugu. Kwa wale waliokuwa ukingoni siku ile, tofauti ya hao wawili haikuonekana.

Huko Kusini kwenyewe, tabaka tawala lilikuwa limefikia mgongano ambao halikuweza kuutatua. Kabwela mweupe, ambaye hakuwa na mtumwa hata mmoja, alichoka kufa kwa ajili ya mwenye mashamba. Tangu Oktoba 1862 sheria ilimruhusu mzungu mmoja kubaki nyumbani katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi, na makabwela walikuwa wanasema kwamba vita ni vya tajiri lakini anayepigana ni maskini. Majira ya baridi yalipoingia, wakapokea barua kwamba watoto wana njaa, askari wa Lee walianza kutoroka kila usiku. Kwa kukosa askari, wakubwa wakaanza kujadili jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa haliruhusiwi hata kutajwa: kuwapa watumwa bunduki ili walinde utumwa. Howell Cobb, mmoja wa vigogo wa Georgia, aliandika Januari 1865 kupinga. Hoja yake, kwa maneno yetu, ilikuwa kwamba ikiwa mtumwa anaweza kuwa askari mzuri, basi nadharia yao yote ya utumwa ni ya uongo. Ni nadra kumwona mnyonyaji akiitoboa itikadi yake kwa mkono wake mwenyewe namna hiyo. Lee aliunga mkono mpango, na sheria ikapitishwa tarehe 13 Machi 1865, lakini sheria yenyewe haikuahidi uhuru. Ni vikundi vichache tu vilivyopata kufanya gwaride katika mitaa ya Richmond. Muda ulikuwa umekwisha.

Kaskazini nako, Bunge la Wawakilishi lilipiga kura tarehe 31 Januari 1865, kura 119 kwa 56, kukubali Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyofuta utumwa nchi nzima. Ni hatua kubwa. Lakini ndani ya sheria hiyo liliachwa tundu: kazi ya kulazimishwa ilibaki halali kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Baadaye wanyonyaji wa Kusini walilipitia tundu hilo na misururu ya wafungwa waliokodishwa kwa wenye mashamba, migodi na reli.

Siku tatu baada ya kura hiyo, Lincoln alikutana na wajumbe wa Kusini ndani ya meli huko Hampton Roads. Kiongozi wa wajumbe alikuwa yule yule Stephens wa jiwe la msingi. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Aliporudi Washington, Lincoln aliwasomea mawaziri wake pendekezo la kuyalipa majimbo yenye watumwa dola milioni 400 kama yangesalimu amri. Mawaziri wote walikataa, naye akalikunja na kuliweka. Mkufunzi yeyote anayefundisha somo hili asiache kuitaja karatasi hiyo. Katika saa ile ya mwisho, baada ya damu yote iliyomwagika, mtu aliyefikiriwa kwanza kulipwa fidia alikuwa mwenye watumwa.

Mahali ambapo suala la ardhi liliulizwa waziwazi, na likajibiwa na wenyewe, ni Savannah. Usiku wa tarehe 12 Januari 1865 Waziri wa Vita, Edwin Stanton, aliyekuwa amesafiri kutoka Washington, aliketi pamoja na Sherman mbele ya viongozi wa dini weusi 20. Wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani. Walimchagua msemaji wao, Mzee Garrison Frazier, mwenye umri wa miaka 67, mchungaji wa Kibaptisti ambaye miaka minane nyuma alikuwa amejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha.

Stanton alimwuliza utumwa ni nini. Mzee Frazier alijibu kwamba ni kuchukua kazi ya mtu mwingine kwa nguvu, bila ridhaa yake. Akaulizwa uhuru ni nini, akasema ni kutolewa chini ya kongwa na kuwekwa mahali ambapo watu watavuna matunda ya kazi yao wenyewe. Tuliangalie jibu hilo kwa makini. Mzee huyu hakuhudhuria chuo chochote cha nadharia, lakini maana aliyoitoa ilianzia kwenye kazi na kwenye mwenye haki ya matunda ya kazi. Hakuzungumza kwanza juu ya kura, wala juu ya kukaa meza moja na mzungu. Alipoulizwa watu wake wangejitegemea vipi, alisema njia iliyo bora ni kuwa na ardhi na kuilima kwa nguvu zao, wanawake, watoto na wazee wakisaidia, mpaka waweze kuinunua iwe mali yao. Alipoulizwa kama wangependa kukaa wamechanganyika na weupe au peke yao, alisema peke yao, kwa sababu chuki ya Kusini itachukua miaka mingi kwisha. Mjumbe mmoja tu, James Lynch, kijana aliyetoka Baltimore, alitofautiana naye katika hilo. Kisha Sherman akaombwa atoke nje, na wazee wakaulizwa wanamwonaje. Jenerali aliyeshinda vita alisimama nje ya mlango akingoja watu waliokuwa watumwa wamalize kumjadili! Inasemekana hakufurahi.

Siku nne baadaye, tarehe 16 Januari, Sherman alitoa Amri ya Jeshi namba 15. Visiwa vyote kuanzia Charleston kwenda kusini, mashamba ya mpunga yaliyoachwa kando ya mito hadi maili 30 kutoka baharini, na ukanda uliofika mto St. Johns huko Florida, vilitengwa kwa ajili ya makazi ya waliokuwa watumwa. Kila familia ingepata kipande kisichozidi eka 40. Baadaye jeshi liliwaazima baadhi yao nyumbu wa kukokota plau. Kufikia Juni 1865 watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa juu ya eka zipatazo 400,000, wakapanda mahindi, viazi na pamba.

Sherman hakuwa amegeuka mwanamapinduzi. Alitaka kuwatua wale wakimbizi ili jeshi lake liende Carolina likiwa jepesi, na hati alizotoa zilikuwa za kumiliki tu mpaka Bunge lithibitishe. Lakini watu waliopewa eka zile hawakujali nia yake. Walijua kwamba ardhi ile waliilima wao, baba zao na babu zao, bila malipo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda upesi. Tarehe 18 Februari Charleston, mji ambako uasi ulianzia, uliangukia mikononi mwa Kaskazini, na miongoni mwa askari wa kwanza kuingia walikuwa wa Kikosi cha 21 cha Askari Weusi. Mapema Aprili mahandaki ya Petersburg yalivunjwa. Tarehe 3 Aprili Richmond, makao makuu ya Shirikisho, iliingiwa na askari wa Kaskazini, wakiwemo wa jeshi la 25 lililoundwa na Waafrika watupu. Kesho yake Lincoln alitembea kwa miguu katika mitaa yake, na waliokuwa watumwa wakamzunguka kwa shangwe. Katika jeshi lililoingia alikuwamo kasisi Garland White wa Kikosi cha 28. Utotoni aliuzwa Virginia akitenganishwa na mama yake, akamilikiwa na Robert Toombs wa Georgia, mwanasiasa ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Shirikisho, akatoroka mpaka Kanada. Siku ile, katikati ya umati wa Richmond, kikongwe mmoja alimwuliza jina lake, jina la mama yake na alikozaliwa. Alikuwa mama yake mwenyewe. Walikuwa hawajaonana kwa miaka ipatayo 20.

Tarehe 9 Aprili Lee alisalimu amri huko Appomattox na askari wapatao 28,000. Masharti aliyopewa yanastahili kusomwa sambamba na yaliyotokea baadaye. Askari wake waliachiliwa waende makwao kwa ahadi ya kutopigana tena, wakapewa chakula, na kila aliyekuwa na farasi au nyumbu wake aliruhusiwa kwenda naye ili akalime msimu ule. Kumwonea huruma mkulima maskini aliyedanganywa na wakubwa wake si vibaya. Ila tukumbuke huruma hiyo, kwa kuwa tutaona nani alinyimwa.

Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili akafa asubuhi yake, na Andrew Johnson akashika madaraka. Tarehe 29 Mei Johnson alitangaza msamaha uliowarudishia waasi wengi mali zao zote isipokuwa watumwa. Matajiri wakubwa walitakiwa kuomba msamaha mmoja mmoja, wakaomba, wakapewa kwa wingi. Tarehe 19 Juni, huko Galveston, watumwa wa Texas walisomewa tangazo la uhuru, na katika karatasi hiyo hiyo wakashauriwa wabaki kwa utulivu walipo na kufanya kazi ya mshahara. Askari wengi wa jeshi lile la 25 walikwisha kuhamishiwa Texas, mbali na Virginia ambako wenye mali walikuwa wanawalalamikia.

Wapo wanaosema kwamba lau Lincoln asingeuawa, ardhi isingerudishwa. Hatuna haja ya kumbebesha Johnson peke yake mzigo wote, ingawa alistahili sehemu kubwa. Bunge lilikuwa na nafasi. Mwezi Machi 1865 liliunda idara ya kuwahudumia walioachwa huru, na sheria ilisema wanaweza kukodishiwa eka 40 kwa miaka mitatu na kisha kuzinunua. Mbunge Thaddeus Stevens alipendekeza mwezi Septemba mashamba ya waasi wakubwa yataifishwe na kugawiwa. Wenzake hawakumfuata. Mwenye kiwanda wa Kaskazini aliona hatari: leo shamba likichukuliwa wakapewa waliolifanyia kazi, kesho ni nani atazuia kiwanda kisichukuliwe kwa hoja hiyo hiyo? Tena alihitaji pamba, na pamba huuzwa na watu wasio na shamba lao la chakula. Kwa shabaha hiyo mabepari wa Kaskazini na makabaila wa Kusini, waliouana kwa miaka minne, walipatana katika muda wa miezi michache.

Nasi tumewahi kuuona utaratibu huo. Amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897 iliwalipa fidia mabwana na kuwaachia mashamba ya mikarafuu. Aliyeachwa huru alibaki chini ya mikarafuu ya mtu mwingine, na vizazi vilipita mpaka Mapinduzi ya 1964 yalipofanya ardhi iwe ya taifa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu.

Mwezi Oktoba 1865 Johnson alimtuma Jenerali Oliver Howard, mkuu wa ile idara, kwenda kisiwa cha Edisto, Carolina ya Kusini, kuwaambia wakazi kwamba ardhi inarudi kwa mabwana wa zamani. Howard alikuwa amepoteza mkono mmoja vitani na alikuwa mtu mwenye nia njema. Watu walijaa kanisani. Aliposema alichotumwa, kelele za kukataa zilizuka, akashindwa kuendelea, mpaka mwanamke mmoja alipoanzisha wimbo wa huzuni na kanisa zima likaupokea. Howard alitokwa na machozi. Aliwaomba waunde kamati ya kupatana na wenye mashamba. Kamati iliundwa, lakini badala ya kupatana iliandika. Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson walimwandikia Howard, kisha wakamwandikia Rais. Walisema kwamba waliokuwa waaminifu kwa serikali wananyang'anywa, na waliochukua silaha dhidi yake wanarudishiwa. Walieleza kwamba Howard anawataka wawasamehe mabwana wao, na kwamba mtu aliyemfunga mwenzake kwenye mti na kumchapa viboko 39, aliyemchapa mama yake na dada yake, naye sasa anamkatalia hata kibanda asipokubali masharti yake, huyo hasameheki kirahisi.

Wakazi wa visiwa walikataa kutia sahihi mikataba ya vibarua. Jenerali Rufus Saxton, aliyesimamia ugawaji na akagoma kuurudisha nyuma, aliondolewa kazini Januari 1866. Majuma yaliyofuata askari wa serikali, wa jeshi lile lile lililokuwa limeingia Charleston, walipita shamba kwa shamba wakiwapa watu nafasi mbili: kutia sahihi au kuondoka.